Majani ya mwembe na mchicha uliogeuka njano

"Shikamoo mtaalamu. Ninaishi pembezoni mwa mji wa Tanga, na nyuma ya nyumba nina bustani ya matuta 6 ya mchicha, bamia na nyanya. Uwanjani kuna mwembe mkubwa, mkungu na miarobaini miwili, na shule ya jirani ina safu ya mikaratusi. Kiangazi kilichopita nilikusanya viroba 12 vya majani yaliyoanguka. Viroba 4 niliyafukia majani yake katika tuta moja, kina cha kiganja, na baada ya wiki nikasia mchicha. Ulidumaa na kugeuka njano kuanzia majani ya chini, ilhali tuta la pembeni ambalo sikulitia kitu lilistawi. Jirani yangu anasema majani ya mwembe yana asidi na sumu, kwamba ninajiletea mchwa na nyoka, na kwamba dawa yake ni kuyachoma na kutawanya majivu. Je, anasema kweli? Na yale ya mikaratusi, niyaache kabisa?"

Marahaba. Umenirahisishia kazi, kwa sababu umetaja mambo mawili ambayo waulizaji wengi huyasahau: kwamba majani uliyafukia badala ya kuyatandaza juu ya udongo, na kwamba unjano ulianzia majani ya chini. Hayo mawili yananifanya niamini kwamba mchicha wako haukutiwa sumu bali ulinyimwa chakula. Jirani yako ameona tatizo la kweli, ila amemtuhumu asiyehusika.

Tuanzie juu mtini. Jani la mwembe linapozeeka, mti hauliachi lianguke na mali yake yote. Kwanza huvunja rangi ya kijani na protini zilizomo, kisha huvuta naitrojeni na fosforasi na kuzirudisha kwenye matawi, na mara nyingi karibu nusu ya naitrojeni ya jani huwa imekwisha kuondoka kabla kikonyo hakijakatika. Ndiyo maana jani huwa la njano au jekundu kabla ya kudondoka, kama unavyoona kwenye mkungu wako. Unachokifagia asubuhi, basi, ni nyumba iliyokwisha kuhamwa: kuta zipo, yaani kaboni, nyuzi na nta, lakini vyombo vya thamani vimehamishwa. Majani mabichi yaliyokatwa kwa panga ni habari nyingine, na ni kosa kuyahesabu kuwa kitu kimoja na haya makavu.

Majani makavu ya miti mingi huwa na sehemu 40 hadi 80 za kaboni kwa kila sehemu 1 ya naitrojeni, ilhali bakteria na kuvu wanaoyaozesha hufanya kazi vizuri zaidi uwiano huo unapokuwa kati ya 25 na 30 kwa 1. Ulipoyafukia, uliwaandalia viumbe hao sinia kubwa la ugali bila kitoweo. Hawakuuacha ugali, walikwenda kukitafuta kitoweo kwenye sufuria ya jirani, na jirani huyo alikuwa mchicha wako. Naitrojeni iliyokuwa imeyeyuka katika maji ya udongo waliinyonya na kuijengea miili yao, na mizizi michanga ya mchicha ikafika mezani kumeliwa. Mmea unapokosa naitrojeni huihamisha ile iliyomo katika majani yake ya zamani na kuipeleka kwenye ncha inayokua. Kwa hiyo unjano huanzia chini na kupanda juu. Laiti ungeniambia kwamba majani machanga ya juu ndiyo yaliyokuwa njano, huku mishipa yake ikibaki ya kijani, ningefikiria upungufu wa madini ya chuma, na jibu langu lingekuwa jingine.

Naitrojeni hiyo haikupotea, imekopwa. Viumbe wale wakimaliza chakula hufa, miili yao huoza, na naitrojeni hurudi katika udongo. Tatizo ni muda: deni hilo huweza kuchukua miezi mingi kulipwa, na mchicha unavunwa baada ya wiki nne au tano tu. Mti wa matunda uliopandwa juu ya majani hayo hayo pengine usingeonyesha dalili yoyote.

Kuhusu asidi nitasema kwa ufupi. Majani mengi makavu yana asidi kidogo yanapoanguka, lakini hupungua yanapooza, na mboji iliyoiva kwa kawaida huwa haina asidi wala magadi mengi. Hofu hiyo iweke pembeni.

Sasa, matumizi. Njia ya kwanza, na ndiyo ambayo ningeianza mimi kama ningekuwa na viroba 8 vilivyobaki kama wewe, ni kuyatumia majani kuwa matandazo, yaani kuyalaza juu ya udongo bila kuyachanganya nao. Yakiwa juu, uozo hufanyika pale tu majani yanapogusana na udongo, katika utando mwembamba sana, na mizizi ya mboga iliyo chini zaidi haibughudhiwi. Wakati huohuo kivuli cha matandazo hupunguza maji yanayopotea kwa jua, jambo lenye faida kubwa katika udongo wa kichanga wa pwani, huzuia magugu, na huzuia matone ya mvua yasirushe udongo kwenye majani ya chini ya nyanya, ambako magonjwa mengi ya ukungu huanzia. Unene wa sentimita 5 hadi 7 unatosha. Kwa tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 5, unene wa sentimita 5 ni lita 250, yaani takriban ndoo 12 na nusu za lita 20, zikiwa zimeshindiliwa kidogo kwa mkono. Usishangae ukirudi baada ya mwezi na kuona zimebaki kama nusu.

Hapa pana tahadhari inayohusu mwembe wako hasa. Jani la mwembe ni gumu kama ngozi na lina nta. Likilazwa zima zima juu ya jingine, hupangika kama vigae vya paa, na maji ya umwagiliaji hutiririka juu yake hadi kwenye njia ya katikati ya matuta. Yasagesage kwanza. Yaanike mpaka yavunjike ukiyafinya, kisha yakanyage ndani ya kiroba, au yatie katika pipa lililokatwa nusu na kuyapigapiga kwa panga. Ni kazi ya kuchosha, sikufichi, lakini jani lililovunjwa huoza haraka zaidi, kwa kuwa kuvu hupata kingo nyingi za kuingilia. Ya mkungu ni makubwa lakini ni laini kuliko ya mwembe, na ya mwarobaini ni madogo kiasi kwamba hayahitaji kuvunjwa. Uchungu wa mwarobaini hautaingia katika mboga zako. Pia usitarajie kwamba matandazo hayo peke yake yatafukuza wadudu.

Mbegu ndogo kama za mchicha hazipenyi katika matandazo. Sia kwanza, subiri miche ifikie urefu wa kidole, ndipo utandaze katikati ya mistari. Kwa bamia na nyanya, tandaza baada ya kumwagilia au baada ya mvua nzuri, kamwe usitandaze juu ya udongo mkavu, maana kifuniko kinachozuia maji yasitoke huyazuia pia manyunyu madogo yasiingie.

Njia ya pili ni mboji, na hiyo ndiyo inayomaliza ugomvi wa kitoweo, kwa sababu unawapa viumbe naitrojeni yao kabla hawajakaribia mboga zako. Tafuta mahali penye kivuli, panga biwi lenye upana, urefu na kimo cha angalau mita 1 kila upande. Dogo kuliko hapo hupoteza joto na huishia kukauka tu. Anza na vijiti vya kupitisha hewa chini, kisha tabaka la majani yaliyovunjwa, kisha tabaka jembamba la kitu chenye naitrojeni, kisha maji, na urudie. Mbolea ya kuku wa nyama, inayopatikana kwa wafugaji wengi wa mjini, ina nguvu sana: ndoo 1 ya mbolea kavu kwa ndoo 5 au 6 za majani yaliyokanyagwa ni mwanzo mzuri. Ukitumia samadi ya ng'ombe, iongeze hadi ndoo 1 kwa 3. Ukiwa huna mifugo wala mfugaji wa karibu, kata majani mabichi ya lukina, au ya alizeti pori ile yenye maua ya njano kama inaota kwenu. Majani mabichi ya alizeti pori, yakipimwa yakiwa yamekaushwa, huwa na naitrojeni takriban asilimia 3.5, ambayo ni mara kadhaa ya ile iliyomo katika jani la mwembe lililoanguka.

Vipimo hivyo ni vya kuanzia, na pua yako ndiyo mizani. Harufu kali inayowasha macho maana yake naitrojeni imezidi na inapotea hewani. Ongeza majani makavu. Harufu ya yai bovu maana yake maji yamezidi na hewa imekosekana. Ligeuze biwi na ulifunike. Lisipotoa harufu yoyote wala joto, ama ni kavu, ama lina njaa ya samadi. Kwa maji, chukua konzi ya mchanganyiko uifinye: inapaswa kuwa na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, ikitoa tone moja au mawili tu. Masika ikianza lifunike kwa makuti au majani ya mgomba, vinginevyo mvua italizamisha biwi na kuiosha naitrojeni uliyoihangaikia.

Biwi lililopangwa vizuri hupata joto ndani ya siku chache, na katikati yake hufika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, joto linaloua mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi vya magonjwa. Huna haja ya kipimajoto. Chomeka fimbo hadi katikati, iache dakika 10, ichomoe, na ukiona huwezi kuishika kwa raha, mambo yanakwenda vizuri. Joto likishuka, kwa kawaida baada ya wiki mbili hivi, ligeuze, la pembeni liende ndani. Baada ya kugeuza mara tatu au nne na kuliacha litulie, mboji huwa tayari kati ya miezi 2 na 4: nyeusi, haina moto, inanuka kama udongo baada ya mvua ya kwanza, na majani hayatambuliki tena isipokuwa mishipa minene ya mwembe. Ndoo 1 ya lita 20 kwa kila mita moja ya mraba inatosha kwa msimu. Hii sasa unaweza kuichanganya na udongo bila hofu.

Kama nguvu za kugeuza huna, lipo jambo la kivivu ambalo mimi binafsi nalipenda: yarundike majani peke yake katika kona yenye kivuli, yaloweke, yafunike, uyasahau. Kuvu watayashughulikia polepole, kwa miezi 6 hadi mwaka mzima. Mboji hiyo haina chakula kingi, lakini hushika maji vizuri sana, nayo hufaa kuchanganywa na mchanga kwa ajili ya kitalu cha miche.

Mikaratusi ya shule usiikatae kabisa, lakini ihesabu kuwa mgeni wa kupewa kiti cha nyuma. Majani yake yana mafuta na kemikali ambazo huzuia mbegu ndogo kuota, na hizo hupungua sana yanapooza katika biwi lenye joto. Yasizidi robo ya majani yote katika biwi, na yasitumike mabichi wala makavu kwenye kitalu au juu ya mistari uliyosia. Yakizidi, yamwage kwenye njia za katikati ya matuta, ambako kuzuia mbegu kuota ndiyo kazi yenyewe unayoitaka. Na ukienda huko shuleni, omba ruhusa, kisha chambua: kalamu, plastiki, betri na vipande vya chupa haviozi, na vikishaingia katika bustani utavikuta kwa miaka. Majani ya kando ya gereji, penye oili iliyomwagika, yaache hapohapo.

Mchwa ndio waliobeba sehemu ya ukweli katika maneno ya jirani yako, kwa hiyo tuwatendee haki. Mchwa wa kwetu hula vitu vikavu vilivyokufa, na majani makavu ni chakula chao halali. Kuwaona chini ya matandazo si dalili kwamba mboga zimeshambuliwa. Mara nyingi wanapokuwa na majani makavu ya kula, hawana sababu ya kuugusa mmea mbichi, na vijishimo vyao husaidia maji kuingia ardhini. Hatari huja pale mmea unaponyauka kwa kiu, au matandazo yanapougusa shina na kuwapa njia ya kupanda wakiwa wamejificha. Acha nafasi ya upana wa kiganja kuzunguka kila shina, na usiache tuta likauke kabisa. Zaidi ya yote, usirundike majani wala biwi kwenye ukuta wa nyumba, hasa ikiwa ni ya miti na udongo, kwani huko hasara itakuwa kubwa kuliko mchicha wote utakaoupanda maishani. Wapo wanaomwaga oili chafu ya magari kuwafukuza mchwa. Usijaribu, kwa sababu udongo huo huo ndio utakaokulisha.

Kuna mdudu mwingine ambaye jirani hakumtaja, nami kwa mtu wa Tanga siwezi kumpita kimya: chonga, yule mbawakawa mwenye pembe anayetoboa moyo wa mnazi. Hutaga mayai katika magogo ya minazi yaliyooza, na pia katika mabiwi ya samadi na mboji. Unapogeuza biwi na kukuta mafunza makubwa meupe yaliyojikunja, yaokote uwape kuku. Mafunza ya aina hiyo si yote ya chonga, lakini penye minazi michanga karibu ni afadhali kutobahatisha.

Nyoka nao hawazaliwi na majani. Hufuata panya, vyura na ubaridi. Desturi yetu ya kuacha uwanja mweupe uliofagiwa ina hekima yake, na sikuombi uiache. Matandazo yakae bustanini, biwi likae mbali na mlango na mahali watoto wanapochezea, nawe uvae viatu vya kufunika miguu na utumie reki kabla ya mkono. Akitokea aliyeumwa, asikatwe, asifyonzwe, asifungwe kamba. Atulizwe na apelekwe hospitali mara moja.

Imebaki moto. Majani yakichomwa, karibu naitrojeni yote hupaa na moshi, na kaboni ambayo ingekuwa mboji hupaa nayo. Kinachobaki ni potasiamu, kalsiamu na fosforasi kidogo katika majivu, ambavyo ni vitu vizuri, lakini majivu yana magadi makali, na sehemu nyingi za pwani ya Tanga tayari zina udongo uliokaa juu ya mwamba wa matumbawe, wenye chokaa ya kutosha. Ukimwaga majivu ya viroba 12 huko, unaweza kuufunga udongo usitoe chuma na zinki, ukapata unjano wa pili kwa kutibu wa kwanza. Majivu ya jikoni, konzi moja moja kati ya matabaka ya biwi, yanatosha. Moshi wenyewe sina haja ya kuueleza kwa mtu mwenye watoto wa shule upande wa pili wa ua.

Kwa tuta lile lililodumaa, usiyafukue majani. Kama mchicha bado upo, ulishe naitrojeni sasa: kijiko 1 cha chakula cha urea kwa kila mita ya mraba, kikiyeyushwa katika ndoo ya maji na kumwagwa kwenye udongo, si kwenye majani. Asiyetaka mbolea ya dukani aloweke kiroba cha samadi katika pipa kwa wiki mbili, achanganye na maji hadi rangi ifanane na chai isiyokolea, na ahakikishe maji hayo hayagusi sehemu ya kuliwa, hasa nyanya za kachumbari. Msimu unaofuata panda kunde kwenye tuta hilo, kwa kuwa zikipata bakteria wao mizizini hujitafutia naitrojeni kutoka hewani; baada ya hapo deni litakuwa limelipwa kwa sehemu kubwa.

Majani ya mchicha yakirudi kuwa ya kijani ndani ya siku 7 hadi 10 baada ya urea, maelezo yangu yalikuwa sahihi. Yasiporudi, ng'oa miche miwili uitazame mizizi. Ikiwa na vinundu kama shanga, ni minyoo fundo, na hapo majani hayana kosa wala dawa yake si mbolea. Mwite afisa ugani wa kata aje alione tuta kwa macho yake. Ikiwa mizizi ni safi lakini unjano unaendelea, au umehamia majani machanga ya juu, wakati wa kubahatisha umekwisha na udongo upimwe. Mkoani kwako kuna bahati ambayo wengi hawanayo: kituo cha utafiti wa udongo cha Mlingano, cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania), kiko wilayani Muheza. Chimba sehemu 5 au 6 katika kila tuta, kina cha sentimita 20, ukiondoa kwanza majani ya juu; changanya katika ndoo safi, anika kivulini, na upeleke kama nusu kilo. Usichanganye udongo wa tuta lenye majani na wa lile la pembeni lililostawi. Peleka mifuko miwili iliyoandikwa, kwa sababu bila kukusudia umefanya jaribio zuri, na tofauti kati ya mifuko hiyo ndiyo atakayoihitaji mtaalamu wa huko.